Mjomba katuma picha, mdogo wangu wa China katubloku wote

Shikamoo Anti, pole na kazi ya kutusomea shida zetu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Mbeya mjini, nauza mchele wa Kyela. Kwetu hasa ni Tukuyu na mama yuko huko mpaka leo. Baba alishatangulia, kwa hiyo mwenye sauti kwenye ukoo amebaki mjomba, kaka yake mama, mstaafu wa TAZARA. Mjomba alianza kibarua reli ikiwa bado inajengwa, akakaa kambini na Wachina kule Mlimba, na mpaka leo ukimkuta vizuri atakusifia nidhamu yao kutwa nzima.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, yuko China tangu 2023, mji wa Wuhan. Alianza na mwaka wa lugha, sasa anasoma uzamili wa uhandisi kwa ufadhili wa serikali yao, amebakiza mwaka mmoja. Ada yake ya sekondari niliilipa mimi kwa mchele huu huu. Sisemi hivyo kwa kulalamika, nataka tu uelewe kwamba nimemlea.

Kwa kuwa WhatsApp huko haifunguki hivi hivi, alipokuja likizo alituwekea wote WeChat na kutengeneza grupu la familia. Mama alijifunza kutuma sauti siku hiyo hiyo. Basi tukawa tunafurahi. Harusi, kipaimara, ng'ombe wa mama kazaa, vyote vinaingia humo.

Tatizo lilikuwa mjomba. Mjomba ana redio, na redio yake hailali. Kila akisikia jambo la China anauliza kwenye grupu, "Mpwa, huko kwenu wanasemaje kuhusu hili?" Mdogo wangu anajibu, "Shikamoo mjomba, leo tumekula samaki mtamu kweli." Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Baadaye mjomba akaanza kusema huyu mtoto ananidharau.

Juni mwaka huu redio ilizungumzia kumbukumbu ya wale watu waliouawa Beijing mwaka 1989. Mjomba akaipata mahali ile picha ya mtu aliyesimama peke yake mbele ya vifaru, akamwambia mjukuu wake aifowadi kwenye grupu, na maneno juu yake: "Hii nayo walikuficha?" Kimya. Baada ya siku mbili mdogo wangu akanipigia kwa simu ya kawaida, anafoka. Anasema akaunti yake imefungiwa, hawezi kulipa hata chakula, amekula kwa kulipiwa na rafiki yake Mzambia. Akasema, "Mwambie mjomba wako aache kuniharibia," akakata. Mjomba *wangu*, Anti, kana kwamba si wake.

Akaunti ilipofunguliwa alilivunja grupu, akanibloku mimi, mjomba na binamu wote. Amebaki mama tu. Kila Jumapili anamtumia sauti ya dakika moja: hujambo mama, nimekula, masomo yanaendelea.

Mjomba amekwenda kulisema jambo hili msibani, mbele za watu. Kasema mpwa wake ameshalishwa, ameuza ulimi. Mama alilia. Sasa mama anataka mtoto arudi hata bila hiyo digrii. Na mimi mwenyewe nashindwa kumwelewa, maana alipokuja likizo mjomba alimuuliza habari za 1989 uso kwa uso, hapa hapa nyumbani, akajibu "hayo siyajui mjomba", kisha akaanza kusifia treni za huko na kutusimanga na foleni yetu ya Mbeya.

Lakini roho anayo. Oktoba mwaka jana, uchaguzi ulipofika na intaneti ikazimwa, alipiga simu ya kawaida tena na tena mpaka akampata mama, akamuuliza mko salama? Mama akamjibu tupo, mvua zimeanza, tunapanda mahindi. Basi.

Naomba unisaidie. Je, ni kweli wamembadilisha? Kwa nini afungiwe yeye wakati aliyetuma ni mjomba? Tumrudishe? Na mimi nitampataje tena?

Dada wa Mbeya

Anti anajibu

Marahaba mdogo wangu. Nianze na lile ulilolipitisha haraka kuliko yote, la mama na mahindi.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Iliporudi, watu wakaanza kupokea ujumbe kwenye simu zao wa kuwaonya wasisambaze picha na video za kuleta taharuki. Tukuyu si kisiwa. Mama alishasikia mengi kwa majirani, kanisani na kwa wenye bodaboda wanaotoka mjini. Sasa mtoto anampigia kutoka China, roho juu, mko salama? Na mama, mwenye habari tele kifuani, anamjibu habari za mvua.

Hakuna aliyemfundisha. Kwa pumzi moja alishapiga hesabu kwamba mtoto yuko mbali, hawezi kufanya lolote, laini haijulikani nani anaisikiliza, na mdomoni hapa pana majina ya watu. Akachagua mahindi. Naye mtoto hakumng'ang'aniza. Je, kuna mtu kwenye ukoo wenu aliyesimama msibani kusema mama yenu ameuza ulimi?

Samaki mtamu wa Wuhan na mahindi ya Tukuyu ni jibu moja, mdogo wangu. Kijana amelipata kwa mama yake. Tofauti ni kwamba kwetu wengi wameonja siku chache (ukiacha mtandao wa X, ambao ulifungwa tangu Mei 2025 na watu wakaingia vichochoroni kuutafuta), wakati yeye ndiyo maisha yake ya kila siku. Nami safu hii naiandikia Mbeya, siiandikii Ulaya, na kuna sentensi humu nimezifuta nikaziandika upya. Kwa hiyo sioni haya kumtetea.

Sasa nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda kule, maana bila hivyo utaendelea kudhani kijana anaringa.

China haikufunga siku moja. Facebook na Twitter zilizuiwa 2009, baada ya machafuko ya Urumqi, mji wa kaskazini-magharibi mwa China. Mwaka uliofuata Google ikaondoa huduma yake ya kutafuta. WhatsApp ikabanwa 2017, Wikipedia kwa lugha zote 2019. Kwa miaka mingi, mgeni aliyelala hoteli yenye chaneli za nje aliweza kuwa anatazama taarifa ya habari, mara kioo kikawa cheusi, akasubiri, picha ikarudi mtangazaji akiwa kwenye michezo. Hakuna maandishi ya kukuambia umezuiwa kuona nini. Habari haipo, na usipojua kwamba ilikuwepo huwezi hata kuiulizia. Ndiyo maana mjomba wako, akiwa na betri mbili na redio Tukuyu, anaweza kujua jambo la Wuhan ambalo mkazi wa Wuhan hajalisikia. Hapo mjomba yuko sahihi na asinyang'anywe haki yake.

Nafasi ya vile vilivyofungwa imechukuliwa na WeChat. Wewe unaijua kama mahali pa kutumiana sauti na mama. Kule ni kila kitu: unalipia chakula, unapanda metro, unapata matangazo ya chuo, unagawana kodi na wenzako. Na laini ya simu imesajiliwa kwa pasipoti yake, kwa hiyo akaunti si jina la utani, ni yeye mwenyewe. Akaunti ikifungiwa ni kama vile M-Pesa yako, kitambulisho chako na daladala vyote vimekukataa asubuhi moja. Sasa mfikirie kwenye foleni ya kantini, sahani mkononi, nyuma yake watu, simu inakataa kulipa, naye hajui itafunguka kesho au haitafunguka kabisa. Huyo ndiye aliyekupigia akifoka.

Umeuliza kwa nini afungiwe yeye wakati aliyetuma ni mjomba. Kwenye barua umeandika mwenyewe bila kujua: grupu alilitengeneza yeye. Tangu Oktoba 2017 kuna kanuni kule kwamba aliyeanzisha grupu anawajibika kwa yanayowekwa humo. Na msidhani nyinyi mlioko Mbeya hamuonekani. Mei 2020 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba hata picha na nyaraka zinazotumwa kati ya akaunti zilizosajiliwa nje ya China zinakaguliwa, na zinazoonekana mbaya zinatumika kuchujia za watumiaji wa ndani. Aliyefungiwa hapewi barua ya kueleza kosa. Anapata maneno ya jumla tu, umekiuka masharti, basi. Oktoba 2022 mtu mmoja alitundika mabango ya kumpinga rais kwenye daraja mjini Beijing, na waliosambaza picha zake wakapoteza akaunti zao kwa wingi, wengine wakabaki wanaiomba kampuni msamaha hadharani. Sasa ndani ya wiki ya tarehe 4 Juni, siku nyeti kuliko zote kwenye kalenda yao, mjomba anadondosha humo picha ya vifaru. Kusema kweli kijana wenu ana bahati kwamba ilirudi.

Alipokupigia alifoka tu, hakukueleza kwa nini picha ile imemponza. Hapo ana kosa na siku moja akuombe radhi. Dada aliyemlipia ada hafokewi kama konda. Lakini jiulize angekueleza kwa njia gani. Yote niliyoyaandika aya iliyopita ndiyo hasa asiyoweza kuyasema kwenye simu ile. Mtu akibanwa hivyo, kinachotoka ni hasira, maana hasira peke yake ndiyo haina neno la hatari ndani yake.

Je, wamembadilisha? Sidhani, angalau si kwa namna anayoisema mjomba. Hili la kulishwa hulipenda sana sisi tulio nje, kwa sababu linatufanya tuonekane werevu. Wachina wenyewe, ambao wamezaliwa ndani ya mfumo ule, si wajinga. Tarehe 4 Juni ilipoanza kuchujwa mitandaoni, kuna walioanza kuandika "35 Mei", hesabu siku utafika pale pale, mpaka hiyo nayo ikachujwa. Katika mji huo huo wa Wuhan, mwishoni mwa 2019, daktari wa macho aitwaye Li Wenliang aliwaonya madaktari wenzake kwenye grupu la WeChat kuhusu ugonjwa mpya. Polisi wakamwita, wakamsainisha karatasi kwamba ameeneza uzushi. Akafa kwa ugonjwa huo huo Februari 2020, na usiku ule mamilioni ya Wachina waliandika kwa uchungu kabla maneno hayajafutwa. Novemba 2022, baada ya moto wa Urumqi kuua watu 10 na wengi kuamini kwamba vizuizi vya korona ndivyo vilivyowakwamisha, vijana waliingia barabarani miji mingi, Wuhan ikiwemo, wameshika karatasi nyeupe zisizo na neno hata moja. Mdogo wako alifika mwaka uliofuata. Huenda mabweni anayolala yana vijana waliosimama na karatasi hizo, na hawajamwambia, na yeye hajawauliza. Watu wanaishi hivyo na wanajuana hivyo.

Ndiyo, anaweza kweli kuwa hayajui mengi ya 1989. Picha ile kule haipo vitabuni, haipo kwenye simu. Anaweza pia kuwa anayajua vizuri kabisa. Ukweli uko wazi kwa aliye nje: usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni jeshi liliwafyatulia risasi raia Beijing, na idadi ya waliokufa haijawahi kukubaliwa, wapo wanaotaja mamia na wapo wanaotaja maelfu. Lakini mtu anayerudi darasani Septemba hana sababu ya kuukariri ukweli huo sebuleni kwenu ili mjomba amwekee tiki, huku mjukuu mwenye simu amekaa pembeni anarekodi.

Na treni usimkatalie. Anatoka Wuhan kwenda Beijing, zaidi ya kilomita 1,000, kwa saa chache, kisha anakuja kukaa saa nzima kwenye foleni yetu. Mtaani anatembea saa sita usiku bila kuangalia nyuma. Hayo ameyaona kwa macho yake, hakusimuliwa na gazeti la serikali. Nchi inaweza kuwa na treni nzuri na midomo iliyofungwa kwa wakati mmoja, na mtu anaweza kupenda kimoja akaogopa kingine ndani ya wiki hiyo hiyo. Mkimlazimisha achague upande mmoja ndipo atakapoanza kuitetea China kwa nguvu hata pale asipoamini, kwa sababu atakuwa anajitetea yeye.

Sasa mjomba. Huyu nampenda, usimletee jeuri. Mkalishe siku moja, mtulivu, mwambie hivi: mjomba, reli ilijengwa 1970 mpaka 1975, na wewe ulikuwa nao Mlimba kule kwenye mahandaki na madaraja. Miaka hiyo hiyo kwao Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa yanawaka, walimu wanadhalilishwa hadharani, watu wanasalitiana. Septemba 1971 Lin Biao, aliyekuwa ametajwa kabisa kuwa mrithi wa kiongozi wao Mao, alikufa kwenye ajali ya ndege akiwa anatoroka, na wananchi wa kawaida wakakaa miezi bila kuambiwa. Kati ya wale rafiki zako wa kambini, uliokula nao wali na kubeba nao mataruma, ni yupi aliwahi kukusimulia hata moja la kwao? Na pamoja na hayo, mbona mpaka leo hujawahi kuwaita watu waliouza ulimi?

Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Akishakuwa tayari kusikia, mweleze kwamba habari zake ni za kweli ila anazipeleka anwani ambayo haiwezi kuzipokea. Akitaka kulizungumza la China alizungumze kijiweni, kanisani, kwenye grupu la wastaafu wenzake la WhatsApp, kokote. Aliye huru kusema ni yeye. Na yale maneno ya msibani ayafute mbele ya watu wale wale, kwa mama. Hili si la hiari. Mama hakutuma picha yoyote, na ndiye aliyelia.

Kumrudisha kijana, hapana. Mwambie mama kwamba mwanawe hayuko taabani wala hatafutwi. Akaunti ilifungiwa, ikafunguliwa, anasoma. Ufadhili wa uzamili wa serikali ya China unampa yuan 3,000 kwa mwezi za kujikimu juu ya ada na malazi, na amebakiza mwaka mmoja. Akirudi leo atarudi na hasira na cheti cha lugha.

Kuhusu njia za mawasiliano, sikiliza vizuri. WeChat muichukulie kama mazungumzo ndani ya Coaster iliyojaa: salamu, afya, nani kaolewa, mchele umefika shilingi ngapi. Msitume katuni za viongozi wao, wala msiulize "huko wanasemaje". Na viongozi wetu msiwaweke humo pia, maana mtu akizoea hajui akomee wapi. WhatsApp anaweza kuifungua kwa VPN, ile programu ya kuzunguka vizuizi vya mtandao, wageni wengi kule hufanya hivyo na wengi hawaguswi, lakini sheria haimruhusu, na kuna kanuni za tangu 1996 zinazoweza kumtoza mtu mpaka yuan 15,000, yaani posho yake ya miezi mitano. Kwa hiyo uamuzi ni wake. Usimshauri, usimuulizie, na hasa usimtajie neno VPN ndani ya WeChat. Njia iliyo tulivu zaidi ni laini yake ya Tanzania iwe kwenye rominga, maana intaneti yake inapitia mtandao wa nyumbani na WhatsApp inafunguka bila hila yoyote. Ni ghali, lakini kwa mazungumzo marefu ya mara moja moja inabebeka. Ukitaka kumsaidia kwa fedha, saidia hapo.

Grupu jipya ulifungue wewe, kwa namba yako ya Tanzania. Asiwe mwanzilishi wala msimamizi. Weka wachache: wewe, mama, na binamu wenye akili ya kutuliza kidole. Mjomba asubiri kwanza, na wewe ndiye wa kumwambia, kijana asipewe kazi hiyo.

Akija likizo, msimwekee kikao cha ukoo. Ukampokee uwanja wa ndege wa Songwe wewe mwenyewe, ale, alale, amwone mama. Akitaka kusema atasema, mara nyingi njiani, mkiwa mnapanda kuelekea Tukuyu na wote mnaangalia mbele. Usimhoji. Muulize anachokiona kwa macho: maabara yao ikoje, Wachina wenzake wanamchukuliaje, wakati wa joto wanalalaje. Ukimsikiliza kwa hayo utajua mengi kuliko mjomba alivyojua kwa redio, na mengine yatajisema yenyewe. Na lolote atakalosema likae hapo hapo. Usiliweke stetasi, usimhadithie binamu mwenye TikTok. Anarudi kule, na maneno ya Tukuyu siku hizi yanafika Wuhan kabla yake.

Mwisho, la kumpata tena. Hajambloku mama, kwa hiyo mlango upo. Jumapili hii nenda Tukuyu, uwe pembeni ya mama sauti ikiingia. Mama akimaliza kujibu, muombe simu, useme kwa sauti yako: "Ni dada. Nimeelewa. Nimefungua grupu jipya kwa namba yangu, tuko wachache, ukipenda kuingia nitafute." Usitaje picha, usitaje mjomba, usitaje kufokewa. Mpe bei ya mchele na habari za ng'ombe, urudishe simu. Asipokutafuta wiki hiyo, usimtumie mtu wala usipige. Rudi Jumapili inayofuata, umsalimie tena.